Chupa Moja kwa Siku

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Anayeitika aitike sasa, maana habari niliyobeba asubuhi hii si ya kupigia makofi. Mkifika mahali mnapotaka kusema amina, ngojeni kwanza. Nisikilizeni hadi mwisho.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Papa Dido wa hapa Katuba, mchimba visima. Visima vingi mnavyochotea maji kwenye parseli zenu, viwanja vyenu vya nyumba, nilivichimba mimi na shemeji yangu Kalenga, mdogo wa mke wangu Odette. Yeye alikuwa chini na jembe fupi, mimi nilikuwa juu na kamba. Mnajua pia kwamba Kalenga alikufa. Mlikuja kwenye kilio chetu, mlikaa nasi chini ya turubai, mliimba mpaka sauti zikakauka. Mungu awalipe. Lakini yale mliyoambiwa siku zile juu ya kifo chake yalikuwa uongo, na uongo ule ulinifaa mimi. Nimekuja kuuvunja mbele yenu.

Nianzie mbali kidogo. Zamani nilikuwa mnywaji wa bia ya kawaida, na nilikuwa mnywaji kweli kweli! Chupa tano, chupa sita, siku ya furaha saba. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikilala mlangoni, watoto wakiniruka asubuhi kwenda shule. Odette alivumilia mpaka akachoka, akapeleka neno kwa ukoo wake. Wakaniita katika baraza la familia, kwa Papa Mwamba, mjomba wao mkubwa, mzee wa zamani wa reli, mtu ambaye akikohoa nyumba nzima inanyamaza.

Hakunitukana. Aliniambia tu: "Mukwe yetu, hatuseme uache. Mwanaume anakunywaka. Lakini kuanzia leo ni chupa moja. Moja kwa siku. Unakubali?" Nikasema, "Nakubali, Papa." Watu wote wakashuhudia. Na kwetu, ndugu zangu, neno ulilolisema mbele ya wakwe halirudi nyuma. Ukilivunja, umemrudisha mke wako kwao kwa mkono wako mwenyewe.

Na nilishika ahadi! Nilishika kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Mwezi wa kwanza nilitetemeka, nilikasirika ovyo, nilihesabu saa mpaka jioni. Chupa moja ilikuwa inaisha kabla kiu haijaamka vizuri. Nikalia mbele ya Mungu, nikasema, Bwana, nisaidie. Lakini sikumngoja anijibu. Nilipata jibu kwenye buvette, kibanda cha bia cha mtaani.

Ilikuwa imefika bia mpya, ya chupa kubwa nyeusi. Jina lake silitaji, sikuja hapa kumshitaki aliyeipika, maana mkono ulioifungua ni huu wangu. Sisi wanywaji tuliipa jina letu, tukaiita Docteur, yaani daktari, kwa sababu mtu aliingia na maumivu akatoka hana. Mama mwenye buvette aliiweka mbele yangu akacheka: "Papa Dido, kamata hii. Moja inafika sawa tano. Na bado ni moja tu!"

Ndugu zangu, sitawadanganya. Ilikuwa tamu! Wahubiri wengine wanasema pombe ni chungu, ni sumu, ni kinyesi cha shetani. Kama ingekuwa chungu nani angeinywa? Ilikuwa nzito, yenye harufu ya sukari iliyoungua, na ilishuka na joto lake mpaka kwenye vidole vya miguu. Haikujaza tumbo, haikunisimamisha kila mara kwenda ukutani kukojoa. Mtu akipita aliona mzee mwenye heshima na chupa moja mbele yake. Baridi ya mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kukatika masikio, niliiona ni kitu cha watu wengine. Na lililokuwa tamu kuliko yote ni kwamba sikuwa nimevunja ahadi. Nilirudi nyumbani, Odette akauliza ngapi, nikasema moja, na ilikuwa kweli! Nilimtazama machoni nikasema kweli.

Hapo ndipo nilipofungwa, ndugu zangu. Bia ya kawaida ilinitia aibu, na aibu ile ilikuwa inanilinda. Hii ya nguvu iliniondolea aibu kwanza, ndipo ikaniondolea akili. Nilijiona nimeokoka. Nilisimama hapa hapa kanisani, wengine mnakumbuka, nikamshukuru Mungu kwa kunipa kiasi. Mkanipigia makofi. Nilikuwa nimekunywa Docteur jana yake, na jioni ile nilikwenda kunywa nyingine.

Kisha nikaona kwamba baraza lilisema chupa moja kwa siku, lakini halikusema saa ngapi. Siku inaanza asubuhi, sivyo? Nikaanza kunywa ya kwangu asubuhi, ili inipashe moto kabla ya kazi. Mnacheka? Chekeni. Mimi pia nilicheka, nilijiona mjanja kuliko wazee.

Sasa niwaambie juu ya Mama Feza, maana bila yeye hamtaelewa.

Mama Feza ni dada mkubwa wa mama yake Odette na Kalenga. Mama yao mzazi alikufa wakiwa wadogo, na huyu, ambaye hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, ndiye aliyewalea kwa samaki wakavu wa kutoka Pweto aliowauza sokoni. Wao walimwita Mama Mukubwa. Kwangu mimi alikuwa mama mkwe, na ninyi mnajua desturi yetu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anasimama pembeni na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Na mama mkwe hatamki aibu ya mkwe wake kwa kinywa chake, hata akatwe. Watoto wa leo wanaona hayo ni ya kijijini. Mama Feza aliyashika, hapa hapa mjini, katika parseli yetu ambamo alikuwa na chumba chake nyuma ya jiko. Miaka yote ile hajawahi kunitazama machoni, na hiyo ilikuwa heshima yake kwangu.

Asubuhi ile tulikuwa na kazi mtaa wa Kampemba, kisima kilichobakiza mita moja kufika majini. Nilitoka mapema kwenye buvette, nimeshamaliza chupa yangu. Nilipoingia uani nilijikwaa kwenye ngazi ya mlango, nikashika ukuta, nikasimama hapo nikijicheka. Mama Feza alikuwa anafagia. Aligeuza uso kama kawaida, akaenda pembeni na ufagio wake. Lakini pua haigeuzwi, ndugu zangu. Aliniona na alinisikia harufu.

Nikiwa ndani nafunga kamba kwenye mfuko, nilimsikia anamwita Kalenga nyuma ya jiko.

"Kalenga, mwana, leo usishuke mu shimo."

"Juu ya nini, mama?"

"Usishuke tu, mwana. Leo hapana."

Hakusema zaidi. Angeweza kusema, mkwe wangu amelewa. Maneno matatu! Lakini mkwe alikuwa ndani, anasikia, na desturi ilimziba mdomo. Mimi nilijua kwa nini anasema vile. Nilijua wazi. Kalenga akaja akicheka, jembe begani, akaniambia mama anaogopa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sawa, tumtii mama, tuende kesho. Badala yake nikasema, "Mama amezeeka." Tukaenda.

Wanaochimba wanajua namna inavyofanyika. Juu ya shimo kuna gogo lenye mikono miwili ya kuzungusha, na kamba imejizungusha juu yake. Anayeshuka anakaa kwenye kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba. Wa juu anamshusha polepole, na kabla ya kumshusha anazungusha kamba mara mbili kwenye nguzo iliyochimbiwa pembeni, ili mkono ukichoka nguzo imshike mtu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Niliwafundisha wengine sheria hiyo, niliwapiga makofi walioisahau.

Mimi sikuisahau asubuhi ile. Ningesahau ingekuwa afadhali. Niliitazama nguzo, nikajisikia nina nguvu za watu kumi, mwili una moto, jua zuri, nikasema moyoni, leo ya nini? Nikaacha.

Kalenga alishuka akipiga mluzi. Alikuwa na desturi hiyo, ili nijue hewa ya chini ni nzuri. Alipofika katikati mtu akapita barabarani akanisalimu. Nikageuka. Nikainua mkono mmoja kumjibu.

Mkono wa gogo uliniponyoka. Nilijaribu kuushika, ukanipiga kifua, ukaendelea kuzunguka. Mluzi ukakatika. Siwezi kuwaeleza sauti iliyofuata, na msiniombe.

Walimtoa majirani, mimi nilikuwa nimekaa chini nimeshika kifua. Alikuwa hai. Alikaa hospitalini siku mbili, mgongo umevunjika, na ndani kulikuwa kunavuja damu. Alinishika kidole siku ya pili, akasema, "Bofrere, shemeji yangu, kamba ilikatika?" Nikamjibu, "Ndiyo, ilikatika." Alikufa jioni akiamini hivyo. Mungu wangu! Ndiyo neno la mwisho nililompa mtu aliyekuwa ananikabidhi maisha yake kila asubuhi.

Mkaja kwenye kilio. Mnakumbuka palivyokuwa. Kijana wa miaka ishirini na minne hafi bure, hivyo ndivyo watu wanavyosema huku kwetu. Lazima kuna mkono wa mchawi. Na dada mmoja wa jirani, aliyekuwa akiosha vyombo asubuhi ile, akakumbuka, akasema mbele ya watu: "Mama Feza alimwambia asishuke. Alijuaje?"

Ndugu zangu, niliona neno lile likitembea chini ya turubai kutoka mkeka hadi mkeka. Alijuaje? Mjane, hana mtoto, anakula samaki peke yake nyuma ya jiko, alijuaje? Vijana wakamwita mtu mmoja anayejiita nabii, simjui jina lake wala sitaki kulijua. Akaja, akafumba macho, akasema mkono uko ndani ya nyumba na ni mkono wa mwanamke.

Wakamweka katikati. Papa Mwamba akamwuliza kwa sauti ile ya baraza: "Feza, sema mbele ya bantu. Ulijua namna gani?"

Alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti hatua tano kutoka kwake, limevaa kitambaa cheusi mkononi. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nioe katika nyumba ile, akanitazama machoni. Mara moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba. Alikuwa ananiambia, mkwe wangu, mimi siruhusiwi kulisema, wewe unaruhusiwa.

Nikainamisha kichwa changu!

Watu wakaona nimeinama wakadhani ni uchungu. Mama Feza akasema tu, "Mi nilisikia baya mu roho." Ikawa basi. Vijana wakamvuta nje. Jiwe moja lilimpiga sikio la kushoto. Walichoma mkeka wake na kikapu chake cha samaki, na harufu ya samaki ilijaa uani mpaka siku ya mazishi. Hakumzika mtoto aliyemlea. Alikimbilia Kampemba, kwa mjane mmoja aliyemwonea huruma akampa baraza ya kulala. Na baadhi ya walioshika mawe siku ile wako hapa leo. Siwahukumu. Mawe yale niliyaokota mimi, ninyi mliyarusha tu.

Mtadhani niliacha kunywa. Hapana. Niliendelea na chupa yangu moja. Tazameni upumbavu huo! Shemeji yangu kaburini, mama mkwe wangu barazani kwa watu, na mimi jioni najisifu kwamba sijavunja ahadi. Docteur alinifanyia kazi yake vizuri. Nikimaliza, nilikuwa naamini kamba ilikatika. Nilikuwa nauona kabisa ule mwisho wa kamba uliochanika. Asubuhi ulitoweka, na nikamwona tena Mama Feza ananitazama. Ndiyo ubaya wa bia ile, ndugu zangu. Haikunilaza tu mlangoni kama ile ya kwanza. Ilinipa uongo ninaoweza kusimama nao wima mbele ya watu.

Siku aliyonikamata Mungu hapakuwa na mahubiri, wala mafuta, wala mtu aliyeniwekea mikono. Nilikuwa Kampemba mchana, nimetoka kununua chupa yangu, iko kwenye mfuko, bado imefungwa. Njia ilikuwa nyembamba kati ya kuta mbili. Mbele yangu akaja mwanamke mzee amebeba ndoo ya maji kichwani, amefunga kitambaa kwenye sikio. Alikuwa ni yeye. Nilisimama. Nikasema moyoni, sasa atanilaani, sasa atapiga kelele, na ana haki.

Aliponitambua, alishusha ndoo yake chini. Akajibana ukutani. Akageuza uso, akajifunika na kitenge, akasimama hivyo akingoja nipite.

Alikuwa bado ananiheshimu! Mimi niliyemwua mtoto wake na kumvika jina la mulozi, la mchawi, alikuwa bado ananipa njia ya mkwe. Ndugu zangu, angenitemea mate ningesimama. Heshima ile iliniangusha. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, mfuko mkononi, nikalia kama mtoto mbele ya mgongo wake. Nikasema, Bwana, nimekwisha. Nitoe. Na kwa mara ya kwanza sikumwomba anitoe kwenye pombe. Nilimwomba anitoe kwenye uongo. Yeye hakugeuka. Alingoja. Mwishowe nilisimama nikarudi nyuma nilikotoka, maana sikustahili kupita mbele yake.

Siku ile sikuifungua chupa. Ilikuwa ya kwanza.

Nikaomba baraza liitwe. Wakakaa uani kwetu, Jumamosi asubuhi, Papa Mwamba kwenye kiti chake, wajomba, Odette na dada zake. Nikasema yote. Nguzo, mkono nilioinua, harufu aliyoisikia Mama Feza, kila kitu. Nilitetemeka mwili mzima, kwa sababu ilikuwa siku ya nne bila kunywa na jasho lilikuwa linanitoka kama mgonjwa wa malaria.

Hawakuniamini!

Ndiyo, ndugu zangu. Nilikuwa nimejenga ukuta wangu vizuri mno. Wakaniuliza, ulikunywa ngapi? Nikasema, moja. Wakatazamana. Mjomba mmoja akasema, "Huyu mama amemufunga. Angalia vile anatetemeka. Amemutuma kumutetea." Na Papa Mwamba akapunga mkono: "Dido, chupa moja haiue muntu. Miye nilianza kukunywa bière mbele weye uzaliwe. Moja ni ya kusukutua kinywa."

Hapo nikaingia ndani nikaileta ile chupa nyeusi. Nikaiweka mbele yake na bilauri. Nikamwambia, Papa, kunywa hii. Hii moja, yote. Kisha utusaidie kushusha ndoo kisimani.

Alicheka. Alikunywa kwa heshima yake yote, akisema ni tamu, akisema kweli watu wa siku hizi wanajua kupika bia. Sisi tulimtazama. Chupa ilipofika mwisho alikuwa anasimulia habari za reli kwa sauti kubwa, na macho yake yameanza kung'aa. Nikajaza ndoo mawe, nikaifunga kwenye kamba ya kisima cha pale uani, nikamwambia, shusha polepole, Papa, mpaka iguse maji bila kelele. Mzee huyu amechota maji tangu utoto wake. Alisimama, akayumba kidogo, akashika mkono wa gogo. Nguzo ya breki iko pale pembeni. Hakuitazama. Mizunguko miwili, mitatu. Kisha nikamwita kwa nyuma, "Papa, jambo!"

Akageuka kuniitikia.

Mkono wa gogo ukamponyoka, ukampiga kwenye kifundo cha mkono, ukazunguka wenyewe mpaka mwisho. Tukaisikia ile ndoo ikipiga chini.

Odette ndiye aliyepiga kelele ya kwanza, kelele ambayo hakuipiga hata siku ya mazishi. Aliingia ndani akafunga mlango. Papa Mwamba akabaki ameshika mkono wake uliovimba, anatazama shimo, na machozi yakamshuka kwenye ndevu. Akasema polepole, "Feza. Feza, tulikutenda nini?"

Walitaka kunipiga, na ningewaachia. Papa Mwamba akakataza. Alitoa amri moja: niende Kampemba mimi mwenyewe, nimrudishe. Nilikwenda na Odette. Yeye alitembea na Mama Feza mbele, ameshikana naye mikono, mimi nilifuata nyuma nimebeba ndoo yake na furushi lake. Nilistahili.

Ndugu zangu, nimalizie. Ni kweli, Mungu ameniweka huru, na namshukuru usiku na mchana! Haikuwa siku moja. Nilitetemeka wiki mbili, muuguzi wa dispensari alinifokea kwamba ningekufa kwa kuacha ghafla bila kumwona mtu wa afya. Wanaotaka kuacha, msifanye kama mimi, nendeni mkatibiwe, Mungu hakasiriki mtu akimeza dawa. Hata sasa nikipita mbele ya buvette mate yananijaa mdomoni. Sichimbi tena visima, nalinda bohari ya saruji. Odette analala chumba cha watoto. Ananipikia, ananisalimu, na sijui kama siku moja atarudi. Namwachia Mungu na yeye mwenyewe.

Wengine wameniambia ili kunifariji, Papa Dido, labda Mungu alimchukua Kalenga ili wewe uokoke. Nawasihi msiniambie hivyo tena. Mungu hanunui mlevi kwa damu ya kijana. Aliyemwua Kalenga ni mimi, na rehema iliyonifikia ilinifikia pamoja na hayo, si kwa sababu ya hayo. Kama unaificha dhambi yako, kwa chupa moja au kwa jina lingine, mwamini Mungu leo ukaiseme, kabla hajaibeba mtu asiyehusika. Utaogopa. Sema ukiogopa hivyo hivyo. Yeye atakushika.

Sasa neno la mwisho. Kabla ya kuja hapa nilimtuma Odette kwa Mama Feza kumwuliza kama anakubali nisimame kuyasema haya. Alijibu kupitia kwa Odette: "Aseme. Lakini aseme jina yangu kwa nguvu, bantu bote basikie."

Mama Feza yuko hapa. Amekaa benchi la tatu, upande wa akina mama, na benchi lile, mnaona wenyewe, amelikaa peke yake. Sikio lake la kushoto halisikii tena, kwa hiyo nasema kwa sauti. FEZA SI MULOZI! Hakumroga mtu! Alijaribu kumwokoa mtoto wake, na akanyamaza kunifunika mimi. Mliovuka barabara mlipomwona, mlioacha kununua samaki wake, mliowakataza watoto kupokea chakula chake, inukeni sasa mwende mkampe mkono. Mimi ni mkwe wake, siruhusiwi kumgusa. Nitasimama hapa ukutani. Nendeni ninyi.